Haitengenezeki? Nipe waya na sumaku

Nimepotea, najua. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wachache wenu mmenitumia barua pepe kuuliza kama nimeajiriwa na serikali. La hasha. Nilikuwa jikoni kwangu nikizungusha waya mwembamba kuliko unywele kwenye kibobini cha plastiki, mizunguko elfu saba na mia nane, nikaharibu, nikaanza upya. Leo nataka kueleza kwa nini. Nikimaliza nadhani nusu yenu mtakuwa mmenikasirikia, na hilo si neno.

Kwanza tuelewane. Nikisema pikapu sizungumzii gari la kubebea viazi kutoka Molo. Nazungumzia kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Bila hicho, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi. Haya, tuendelee.

KISA CHENYEWE

Mjomba wangu anaishi Nakuru. Ana gitaa la umeme alilonunua mwaka 1986 kwa mwanamuziki wa bendi ya hoteli, wakati bendi ilipovunjika na kila mtu akauza alichoweza kuuza. Gitaa hilo limepigwa kwenye harusi, matanga, harambee na, kwa miaka mingi sasa, ibada za Jumapili. Lina pikapu tatu. Mwaka jana ile iliyo karibu na shingo, ambayo ndiyo anayoipenda kwa sauti yake nene na laini, ilianza kutoa mlio mwembamba kama redio iliyo nyumba ya jirani. Baadaye ikanyamaza kabisa.

Akalipeleka kwenye duka moja la vyombo vya muziki. Kijana wa pale akalitazama. Hakulifungua, hakulipima. Akatamka neno moja: "Haitengenezeki." Dawa aliyopendekeza ni seti mpya ya pikapu tatu, shilingi 16,000. Akaongeza kwamba kwa umri wa gitaa lenyewe, afadhali mzee anunue jingine.

Mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hii si waya tu?"

Nikamjibu, "Mjomba, nunua tu mpya. Hizo za zamani zina mambo yake."

Ndivyo nilivyosema, mimi ninayejiita mhandisi! Sikuwa nimewahi kufungua pikapu hata moja maishani mwangu. Nilichofanya ni kurudia neno la yule kijana wa duka, ila mimi nililirefusha likafanana na ushauri wa kitaalamu. Nilipokata simu niliona haya. Makala haya yametokana na haya hiyo.

NDANI YA PIKAPU KUNA NINI?

Kuna sumaku na kuna waya. Basi. Nimemaliza.

Sawa, niongeze kidogo. Mwaka 1831 huko London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya huo. Hilo ndilo linalofanyika katika jenereta za Olkaria, na ndilo linalofanyika chini ya nyuzi za gitaa la mjomba. Katika pikapu sumaku yenyewe haisogei. Uzi wa chuma ulio juu yake unashika usumaku kidogo, na unapotikisika unavuruga uga wa sumaku unaopita ndani ya koili. Uvurugaji huo unazaa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka sawasawa na uzi. Ndiyo maana ukiweka nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme hutasikia kitu. Nailoni haijui sumaku.

Pikapu ya aina iliyo kwenye gitaa la mjomba, ambayo muundo wake umeigwa kutoka kwa Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954, ina vijiti sita vya sumaku, kimoja kwa kila uzi. Vijiti hivyo ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kuvizunguka kuna waya wa shaba uliopakwa rangi ya kuzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Waya wenyewe ni wa namba 42 kwa kipimo cha Marekani, yaani unene wa milimita 0.063 hivi kabla ya rangi. Unazungushwa karibu mara 8,000. Ukiukunjua wote unapata zaidi ya kilomita moja ya waya, wenye uzito wa gramu 30 hivi.

Huo ndio mtambo mzima. Hauna chipu wala programu, na hauna neno la siri. Hataza ya pikapu ya sumaku ya George Beauchamp ilitolewa Marekani mwaka 1937, na muda wake uliisha zamani sana. Wale mnaopenda programu huria, hiki ni kifaa ambacho msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote mwenye bisibisi.

Sasa niambieni, katika sumaku na waya, ni kipi kisichotengenezeka?

UONGO WA KWANZA: HAITENGENEZEKI

Neno hili linanikera kuliko yote. Mtu anapokuambia kitu hakitengenezeki, mara nyingi ana maana moja kati ya tatu: "sijui kukitengeneza", "sina haja ya kujua", au "napata faida zaidi nikikuuzia kingine". Zote tatu ni sababu halali za mfanyabiashara. Lakini aziseme hivyo! Asichukue ujinga wake akaupachika kwenye kifaa changu.

Kupima pikapu ni kazi ya sekunde kumi. Unachukua maltimita ya bei ya chakula cha mchana, unaiweka kwenye kipimo cha ukinzani, unagusa nyaya mbili za pikapu. Pikapu nzima ya aina hii itakuonyesha takriban kilo-omu 6. Ikikuonyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika mahali. Na mahali penyewe mara nyingi ni mwanzo au mwisho wa koili, pale waya mwembamba unapounganishwa na ule mnene. Ukiwa umekatikia mwisho, upande wa nje, unaweza kuukwangua rangi kidogo, ukaweka tone la solda, na ukamaliza kazi kabla chai haijapoa. Nimesoma, na sasa nimeona kwa macho yangu, kwamba pikapu iliyokatika wakati mwingine huendelea kutoa sauti nyembamba ya juu juu, kwa sababu mawimbi ya kasi huweza kuruka pengo dogo ambalo mawimbi mazito hayawezi. Ile "redio ya jirani" aliyoisikia mjomba ilikuwa dalili ya ugonjwa. Mtu aliyesoma somo la umeme kidato cha nne angeweza kuitambua.

Ya mjomba ilikuwa imekatikia ndani, mwanzo wa koili, pale waya unapogusa kijiti cha sumaku. Kutu ya kijani ilikuwa imeula. Huko huwezi kufika bila kuondoa waya wote. Basi tukauondoa wote.

Kabla hujasema kwamba kazi ya kufunga koili ni ya viwanda vya ng'ambo, tembea kidogo. Katika kila mji wa nchi hii kuna fundi anayefunga upya mota za pampu za maji na za vinu vya kusaga unga. Mota inaungua, anakata koili kuukuu, anahesabu mizunguko, anapima unene wa waya, anatengeneza kalibu ya mbao, anafunga upya, anapaka vanishi, anakurudishia ikiwa inanguruma. Anafanya hivyo nje ya kibanda, vumbi likipeperuka, na hajawahi kusoma makala yangu hata moja. Huyo fundi wa jua kali anafanya kazi ileile ya pikapu, tofauti ni unene wa waya tu. Ujuzi uko hapahapa. Kinachokosekana ni mtu wa kuvuka barabara kutoka duka la magitaa hadi kwenye kibanda chake akauliza.

UONGO WA PILI: UCHAWI

Upande wa pili wamejaa wanaoamini kinyume. Hawa hawasemi haitengenezeki. Wanasema inatengenezeka, ila na watu wachache walioteuliwa, kwa waya wa aina fulani, kwa mikono iliyobarikiwa, na bei yake ni mara kumi. Ukisoma matangazo yao utadhani unanunua dawa ya mganga: sauti yenye "roho", yenye "asali", yenye "ukweli wa miaka ya hamsini".

Wacha niwakumbushe hiyo miaka ya hamsini ilikuwaje. Leo Fender alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, na hakuwa mpiga gitaa. Kule Gibson, zile pikapu maarufu za koili mbili alizobuni Seth Lover, ambazo leo watu hulipa maelfu ya dola kwa jozi, ukinzani wake hutofautiana kati ya moja na nyingine, kutoka kilo-omu 7 hivi hadi 9. Kwa nini? Kwa sababu mashine za mwanzo hazikuwa zinahesabu vizuri, na mfanyakazi alisimamisha mashine alipoona bobini imejaa. Hicho kinachouzwa leo kama siri ya mababu kilikuwa ni kukosa kihesabio!

Na rudi nyuma zaidi, kwa Beauchamp mwenyewe huko Los Angeles, mwaka 1931. Historia ya Rickenbacker inasimulia kwamba alifunga koili yake kwa mota ya mashine ya kufulia nguo ya nyumbani, na Paul Barth, aliyemsaidia, alisema baadaye walitumia mota ya cherehani. Cherehani! Kila soko la Kenya lina safu nzima ya cherehani. Naye Seymour Duncan, ambaye jina lake leo liko kwenye pikapu duniani kote, husimulia kwamba alipokuwa kijana pikapu yake iliharibika, akaifunga upya kwa kuizungusha juu ya mashine ya santuri. Piga hesabu: santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mizunguko 8,000 ni saa nne. Uchawi wake ulikuwa saa nne za uvumilivu.

Nisiwe mwongo kwa upande wangu. Namna ya kupanga waya ina athari yake. Ukiutawanya ovyo badala ya kuupanga sambamba, uwezo wa koili kuhifadhi chaji unapungua kidogo, na sauti za juu zinabadilika kidogo. Abigail Ybarra alifunga pikapu kwa Fender kuanzia miaka ya hamsini hadi alipostaafu mwaka 2013, na mikono yenye mazoea ya namna hiyo siwezi kuidharau hata kidogo. Lakini huo ni ustadi, nao hupatikana kwa kurudia. Anayekuuzia uchawi anataka uamini haupatikani.

HESABU HAINA ROHO

Tuweke namba mezani, maana hapa ni kwa watu wa namba. Koili ina tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, na tabia hiyo hupimwa kwa henri. Pikapu ya aina ya Stratocaster ina henri 2.4 hivi. Kebo inayotoka kwenye gitaa hadi kwenye amplifaya nayo ina uwezo wa kuhifadhi chaji, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na kebo zikiungana zinatengeneza kilele: sauti za masafa fulani zinasikika kwa nguvu zaidi, na zilizo juu ya hapo zinaporomoka. Kilele hicho ndicho sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita "sauti ya pikapu".

Chukua kebo ya mita 5, ongeza pikofaradi 100 za koili yenyewe, unapata 600. Kilele kinaangukia karibu na hezi 4,200. Sasa badilisha kebo tu, weka ya mita 10. Kilele kinashuka hadi hezi 3,100. Pikapu ni ileile, waya ni uleule, roho ni ileile, na sauti imekuwa nzito zaidi kwa sababu ya kebo! Kuna watu wametumia mshahara wa mwezi kwenye pikapu za miujiza, halafu wanazichomeka kwenye kebo ndefu ya dukani waliyookota chini ya jukwaa.

Na mizunguko je? Ukiongeza mizunguko unapata umeme mwingi zaidi, lakini henri nazo zinapanda haraka, kilele kinashuka, na ule mng'ao wa juu unapotea. Ukipunguza, sauti inang'aa lakini inadhoofika. Unachagua. Hakuna kingine hapo ila kuchagua, na huwezi kuchagua kitu ambacho hujui kipo.

NILIVYOJIAIBISHA

Mashine yangu ni drili iliyofungwa kwenye ubao kwa vibano, kipande cha mbao kinachoshika bobini, na bodi ndogo ya Arduino ya kuhesabu. Nilibandika sumaku kwenye kichwa cha drili na swichi ya sumaku pembeni. Kila mzunguko, swichi inafunga mara moja, namba inaongezeka. Nikaandika programu kwa dakika ishirini, nikajiona bingwa.

Waya wa kwanza ulikatika kwenye mzunguko wa 2,000 na kitu kwa sababu niliubana sana. Huwa haukatiki kwa kelele. Unashtuka tu umeshika hewa. Nikaanza upya. Nilipofika 7,800 kwenye kihesabio nikapima: kilo-omu 7.2. Pikapu mbili nzima za gitaa hilohilo zilikuwa na 5.9 kila moja. Kwa kuwa waya huu una omu 5.4 hivi kwa kila mita, nikapiga hesabu nikaona nimefunga mizunguko kama 9,300. Ile 1,500 ya ziada ilitoka wapi?

Ilitoka kwangu, mwandishi wa programu mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitatu. Swichi za namna hii hutetemeka zinapofunga, kwa hiyo nilikuwa nimeweka subira ya milisekunde 150 baada ya kila hesabu, isije ikahesabu mara mbili. Sawa kabisa drili ikienda polepole. Lakini mzunguko mmoja wa milisekunde 150 ni mizunguko 400 kwa dakika. Kila nilipozoea na kukanyaga kasi zaidi ya hapo, programu ilikuwa bado imelala mzunguko uliofuata ulipopita. Nikaiambia chipu iache kila kitu swichi inapofunga, ihesabu, iendelee na yake, nikapunguza subira hadi milisekunde 5. Mdudu akafa.

Nimeandika programu za malipo ambazo watu wanazitegemea, na sijawahi kupata somo la wazi namna hii. Kazini, namba ikiwa na kosa, inakuwa namba kwenye kioo, unaitetea kwenye mkutano. Hapa kosa lilikuwa na uzito wa gramu, lilionekana kwenye mita, na lilisikika kwenye amplifaya: sauti kubwa, nzito, yenye matope. Nisingekuwa na njia ya pili ya kupima, ningeamini kihesabio changu. Jiulize ni vihesabio vingapi unavyoviamini kazini kwako bila mita ya pili.

MNAVYONIPINGA

Nilipowaeleza wenzangu ofisini nilipata majibu matatu.

La kwanza: "Lakini ukihesabu muda wako, si ni ghali kuliko kununua?" Kweli kabisa. Waya wa gramu 200 uliniagizia gharama ya shilingi 4,000 pamoja na usafiri, na unatosha pikapu sita. Ongeza jioni zangu tisa. Kwa bei ya saa ninayolipwa, pikapu hii moja ni ghali kuliko gitaa. Lakini pikapu ya pili ilinichukua jioni moja. Ukinunua, ya pili ina bei ya ya kwanza, na ya kumi pia. Anayepiga hesabu ya kitu cha kwanza tu hajapiga hesabu.

La pili: "Zile za bei rahisi kutoka China zinatosha." Nyingi zinatosha, na sina ugomvi nazo. Mpiga gitaa anayeanza anunue apige. Ugomvi wangu ni na anayenunua ya pili bila kujua ya kwanza ilikufa kwa nini. Angalau ipime kabla ya kuitupa. Zikifa, nitumie mimi, nina matumizi ya bobini.

La tatu, na hili liliniuma: "Mambo ya watu wasio na kazi." Kijana aliyesema hivi anaandika programu nzuri. Anaunganisha maktaba arobaini za watu wengine asubuhi na kufikia jioni ana kitu kinachofanya kazi. Mimi pia. Lakini nimeona siku maktaba moja inapovunjika, timu nzima inakaa kungoja mtu asiyejulikana, katika nchi isiyojulikana, aamke airekebishe. Na neno tunalolitumia kwenye mkutano siku hiyo ni lilelile la dukani, tumelivika tai tu: "Hili haliko mikononi mwetu." Haitengenezeki.

Ndiyo maana nasema uongo wa kwanza na wa pili ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja anakuambia usifungue kwa sababu hakuna maana, mwingine anakuambia usifungue kwa sababu hustahili. Wote wawili wanataka ubaki upande wa nje wa kifuniko, umeshika pochi.

UKITAKA KUJARIBU

1. Anza na pikapu iliyokufa. Usifungue nzima ili ujifunze.

2. Pima kwanza. Angalia ncha zote mbili za koili kabla ya kuondoa waya hata mmoja. Huenda tone la solda linatosha.

3. Kabla ya kukata, andika waya ulizungushwa kuelekea upande gani na sumaku zimeelekezwa vipi, ncha ya kaskazini au kusini juu. Ukikosea kimoja, pikapu zako mbili zikiwashwa pamoja zitapingana na sauti itakuwa nyembamba kama ya bati. Ukigeuza vyote viwili kwa makusudi, sauti zitajumlishana, lakini mvumo wa stima, ule wa hezi 50 unaosikika ukikaribia taa au transfoma, utafutana. Hiyo ndiyo akili ya Seth Lover, unaipata bure.

4. Acha waya upite katikati ya vidole vyako, juu ya kipande cha kitambaa laini. Ukizidi kulegea koili inakuwa shaghalabaghala, ukizidi kubana unakatika. Anza na mizunguko 200 kwa dakika.

5. Ukimaliza, ichovye kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyuka ili nyaya zisitikisike na kupiga kelele sauti ikiwa juu. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke nta juu ya moto wazi, maana nta hushika moto. Joto lisipite nyuzi 65 hivi, la sivyo bobini ya plastiki itapinda. Na usitumie sufuria ya ugali. Nimeambiwa hivyo kwa ukali na mwenye sufuria.

6. Pima tena.

MWISHO WA KISA

Nilipeleka pikapu Nakuru Jumamosi moja, nikaiunganisha sebuleni kwa mjomba. Kilo-omu 5.9, sawa na dada zake. Akapiga dakika kumi bila kusema neno. Kisha akasema haifanani kabisa na ile ya zamani. Nikaanza kueleza habari za henri na kebo. Akanikatiza. "Nimesema haifanani. Sijasema ni mbaya."

Halafu akaniuliza waya uliobaki unatosha ngapi. Nikamwambia tatu, baada ya kuharibu kwangu. Akaenda chumbani akarudi na gitaa la besi la kanisa, ambalo pikapu yake ilikufa miaka sita iliyopita, na yule wa duka, au ndugu yake, aliwaambia neno lilelile. Tangu hapo kwaya imekuwa ikiimba bila besi. Miaka sita, jamani! Nilipima palepale. Waya ulikuwa umekatikia upande wa nje, milimita chache kutoka kwenye kiungo. Sikuhitaji kuzungusha hata mara moja. Ilinichukua dakika kumi na moja, pamoja na kungoja pasi ya solda ipate moto.

Mjomba hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikaa akilitazama lile besi, akasema, "Kumbe tungeuliza tu."

Haya, ukiwa na pikapu iliyokufa, ipime wiki hii, uniambie mita imesema nini. Tukutane wakati mwingine, nami naahidi sitapotea tena wiki tatu. Labda mbili.